Mkoba wa Kifahari Usiomnyonya Fundi: Mwongozo wa Kuandaa Oda na Kikundi cha Mafundi wa Mikono

Mwongozo huu ni wa mbunifu au mwenye chapa ndogo anayetaka kuuza mitindo ya kifahari iliyotengenezwa na mafundi wa mikono, hasa wale wanaoishi mahali ambapo ajira ni adimu na kipato hakina uhakika. Mfano tutakaoufuata ni mkoba wa ngozi wenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono upande wa mbele, kwa sababu mkoba wa namna hiyo unakutanisha karibu kila tatizo la kazi hii. Anayeagiza viatu, nakshi, shanga au vikapu atafuata njia ile ile.

Haki ya fundi huamuliwa kwenye karatasi ya oda. Ni pale panapoandikwa muda wa kazi uliopimwa, kianzio kinacholipwa, kasoro inayokubalika na isiyokubalika, na nani anabeba hasara. Lebo nzuri yenye picha ya fundi anayetabasamu haiwezi kuponya oda mbovu.

Hatua ya 1: Kijue kikundi kabla ya kupeleka mchoro

Anza na swali moja: nani hasa atashika sindano? Mara nyingi unayezungumza naye ni mwenyekiti wa kikundi au dalali, na kazi yenyewe hugawiwa kwa watu wanaofanyia nyumbani kwao. Kufanyia nyumbani si kosa. Mama mwenye watoto wadogo huenda asiweze kufanya kazi kwa njia nyingine, na Mkataba Na. 177 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1996 unawatambua watu hawa kuwa wafanyakazi wenye haki kama wengine. Hatari huanza pale usipojua wako wangapi, wako wapi na wanalipwa kiasi gani. Mwaka 2024 mahakama ya Milan iliweka chini ya uangalizi wake kampuni zilizo chini ya chapa maarufu za kifahari kwa kushindwa kusimamia wakandarasi wadogo waliokuwa wakiwatumikisha watu katika karakana zao. Bei kubwa dukani haikuwa imemlinda mtu yeyote kule chini.

Kwa hiyo omba kuona daftari la malipo la oda mbili zilizopita, kisha waulize mafundi watatu au wanne, kila mmoja peke yake, walipokea kiasi gani kwa kipande kimoja na baada ya siku ngapi. Majibu yao yakipishana na daftari, usiweke oda mpaka upate maelezo. Uliza pia umri. Kwa Mkataba Na. 138 wa ILO umri wa chini wa kuajiriwa kwa kawaida ni miaka 15, na kazi ya hatari ni kuanzia miaka 18. Gundi zenye viyeyusho, visu vya kukatia ngozi na mitungi ya rangi ya moto ni vitu vya watu wazima.

Halafu kadiria uwezo wa kikundi kwa hesabu, usitegemee ahadi. Tuseme kuna mafundi 10, kila mmoja ana saa 4 kwa siku baada ya shughuli zake nyingine, siku 5 kwa wiki. Hizo ni saa 200. Zidisha kwa 0.7, kwa kuwa kuna ugonjwa, misiba, umeme kukatika na mtoto kupelekwa kliniki. Zinabaki saa 140. Mkoba ukichukua saa 6.5, kikundi kinatoa mikoba 21 au 22 kwa wiki. Mikoba 60 ni kama wiki tatu, lakini kwa oda ya kwanza weka wiki sita. Na usipange makabidhiano katikati ya msimu wa kulima au kuvuna, kama mafundi hao ni wakulima pia. Watakwambia inawezekana kwa sababu wanaogopa kukupoteza.

Hatua ya 2: Tengeneza sampuli, na uilipe

Sampuli ni kazi. Fundi anakata, anakosea, anafumua, anarudia. Lipa sampuli mara mbili ya bei ya kipande cha kawaida, hata kama hutaweka oda.

Andaa karatasi ya vipimo ya ukurasa mmoja. Iwe na mchoro wa mbele, wa upande na wa ndani. Urefu, kimo na kina kwa milimita. Unene wa ngozi. Aina na unene wa uzi. Umbali wa mshono kutoka ukingoni. Na ruhusa ya kupungua au kuzidi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Ukiandika “upana 280 mm” bila ruhusa, mkoba wa 277 mm ni mzuri au mbaya kutegemea hali ya moyo wa mkaguzi siku hiyo. Kwa mkoba wa mkono andika 280 mm, kupungua au kuzidi 4. Kwa kikapu au kitambaa kilichofumwa ruhusu zaidi, hadi asilimia 3 au 4 ya kipimo, maana nyuzi za mimea huvuta na kuachia unyevu.

Sampuli ikikubalika, tengeneza tatu zinazofanana kabisa. Moja inabaki kwa kikundi, moja kwako, ya tatu kwa mkaguzi. Zote zifungwe lebo yenye sahihi ya pande mbili na tarehe. Ugomvi ukitokea, sampuli ndiyo inayoamua.

Kwenye ngozi, hizi ndizo sehemu zinazoharibika kwa kawaida:

- Kishikio kinarefuka baada ya miezi michache. Sababu yake ni kukatwa kutoka sehemu ya tumbo la ngozi, ambayo ni legevu. Vishikio na mikanda vikatwe kwenye mgongo, sambamba na uti wa mgongo wa mnyama. Sehemu ya tumbo itumike kwa mifuko ya ndani.
- Kingo ni nene na zinafumuka. Ngozi ya mm 1.2 hadi 1.4 inafaa kwa mwili wa mkoba, lakini inapokunjwa na kukutana na nyingine lazima ipunguzwe hadi kama mm 0.7. Kisu butu huchana badala ya kupunguza, kwa hiyo jiwe la kunolea liwe kwenye bajeti ya oda.
- Mshono umepinda upande wa nyuma. Msharasi (chuma cha kutobolea ngozi) uliingizwa kwa kulala. Kila tundu litobolewe wima, juu ya ubao, kabla ya kushona.
- Zipu inakwama pembeni. Kitambaa cha bitana kimeachwa karibu mno na meno. Acha angalau mm 6.

Mshono wa sindano mbili ndio unaobeba sifa ya kifahari, na una sababu ya kiufundi. Uzi mmoja hupita kila tundu kutoka pande zote mbili, hivyo mshono mmoja ukikatika ile inayoufuata haifumuki kwa urahisi kama ya cherehani. Uzi wa kitani uliopakwa nta, wa mm 0.6, na hatua ya mshono (umbali kati ya tundu na tundu) ya mm 3 hadi 3.5 unakaa vizuri kwenye ngozi ya unene huo. Kata uzi wenye urefu mara nne ya mshono. Fundi anayekata pungufu ataunga katikati, na pale ndipo jicho la mnunuzi litakapotua kwanza.

Kwa kitambaa, jambo kubwa ni kupotea kwa urefu. Mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandikwa kwanza, wa mita 10 hautoi mita 10 za kitambaa. Takriban sm 80 hubaki kwenye kitanda cha mfumi (mtambo wa kufumia), asilimia 10 hivi humezwa na kupinda kwa nyuzi za mtande juu na chini ya mshindio (nyuzi zinazokatiza mtande), na pamba ikifuliwa mara ya kwanza hupungua tena kwa asilimia 8 au zaidi. Kinachobaki ni kama mita 7.6. Wabunifu wengi huwalipa wafumaji kwa mita iliyokatwa na kufuliwa, na hapo mfumaji anabeba bure upotevu ambao hakuusababisha. Lipa kwa mita inayotoka kitandani, na gharama ya kutandika mtande iwe mstari wake peke yake. Kutandika huchukua siku nzima au zaidi, ufume mita 5 au 50. Ndiyo maana oda ndogo za rangi nyingi humuumiza mfumaji. Ukitaka rangi nne, badilisha rangi ya mshindio, mtande ubaki mmoja.

Rangi za mimea zinahitaji kishikizi, yaani kitu cha kuifanya rangi ishike kwenye nyuzi. Kwa sufu, gramu 12 za shabu kwa kila gramu 100 za nyuzi kavu zinatosha. Pamba haishiki shabu kirahisi hivyo, inahitaji kutangulizwa kwenye maji ya tanini (dutu kali ya magome na majani). Tia rangi nyuzi zote za oda kwa mara moja, na ziada ya asilimia 10, kwa sababu mtungi wa pili hautafanana na wa kwanza hata kwa vipimo vile vile. Kisha jaribu: chukua kitambaa cheupe cha pamba, kisugue juu ya kitambaa kilichotiwa rangi mara 10 kikiwa kikavu, mara 10 kikiwa na unyevu. Nili (rangi ya buluu ya mmea) hasa huacha buluu. Cheupe chenye unyevu kikishika rangi nyingi, kitambaa kilichotiwa rangi kisiguse nguo ya mnunuzi: kiwekwe mbele ya mkoba, kamwe si upande unaogusa mwili.

Hatua ya 3: Pima muda, ndipo upange ujira

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko popote, kwani karibu kila dhuluma katika biashara ya kazi za mikono inaanzia kwenye makadirio ya muda.

Chagua mafundi watatu: mwepesi, wa wastani na anayejifunza. Kila mmoja atengeneze vipande vitano. Tupa muda wa vipande viwili vya kwanza, chukua wastani wa vitatu vya mwisho. Tumia muda wa fundi wa wastani. Ukitumia wa mwepesi, wengine wote watalipwa chini ya haki yao kila siku ya oda hiyo. Muda uhesabu pia kazi zisizoonekana: kunoa kisu, kupaka nta, kusubiri gundi ikauke, kusugua kingo kwa msasa, kufunga.

Kisha tafuta mshahara unaokidhi maisha ya familia kwa eneo hilo. Kima cha chini cha serikali mara nyingi hakifiki hapo. Njia inayotumiwa sana ni ile ya Richard na Martha Anker, inayokadiria gharama ya chakula bora, makazi yenye staha na mahitaji mengine, ikaongeza akiba kidogo ya dharura. Kama hakuna utafiti wa eneo hilo, kaa na mafundi, pigeni pamoja hesabu ya mwezi mzima.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi wa siku 26 za saa 8 una saa 208. Hakuna anayezalisha saa zote hizo. Chukua asilimia 75, yaani saa 156. Gawanya mshahara wa mwezi kwa 156, upate ujira wa saa. Mkoba wa saa 6.5 unalipwa 6.5 mara ujira huo. Ukiigeuza: fundi atakayemaliza mikoba 24 kwa mwezi awe amepata mshahara kamili. Mwandikie namba hiyo ya 24 aione. Fundi anayejua hesabu ya ujira wake anaweza kukukatalia oda, na uwezo huo wa kukataa ni sehemu ya haki yake.

Hatua ya 4: Ondoa ujira kwenye kizidisho cha bei

Desturi ya biashara ya mitindo ni kuzidisha gharama kwa 2.2 kupata bei ya jumla, kisha kwa 2.2 tena kupata bei ya rejareja. Tuseme gharama ya mkoba ni 100, kwa sarafu yoyote: malighafi 40, ujira 30, usafirishaji na ufungaji 12, uendeshaji wa kikundi 10, akiba ya kasoro 8. Rejareja inafika 484. Ujira wa 30 ni kama asilimia 6 tu ya bei hiyo.

Sasa ongeza ujira maradufu, uwe 60. Kwa kizidisho, gharama ya 130 inakuwa 629 dukani, na mhasibu atasema soko halitakubali. Lakini zile 30 za nyongeza hazina sababu ya kuzidishwa. Haziongezi kodi ya pango wala kazi ya muuzaji. Ziongeze kama zilivyo juu ya bei: 484 inakuwa 514. Nyongeza ya asilimia 6 kwa mnunuzi imemwongezea fundi asilimia 100. Ukiuza moja kwa moja kwa wateja, jambo hili liko mikononi mwako kabisa. Ukiuza kupitia maduka, ni lazima likubaliwe na duka kwa maandishi, na si maduka yote yatakubali. Tafuta yatakayokubali.

Hatua ya 5: Mkataba wa oda

Uandikwe katika lugha wanayoisoma mafundi, na usomwe kwa sauti kikundini, wanachama wote wakiwapo. Mambo haya yasikosekane:

- Kianzio cha angalau asilimia 50, bila riba, kabla ya kazi kuanza. Ndicho kiwango ambacho Shirika la Biashara ya Haki Duniani (WFTO) linakitaka kwa bidhaa za mikono, pale wazalishaji wanapokiomba. Bila kianzio kikundi kitakopa kwa riba kununua ngozi, na faida yote itaishia kwa mkopeshaji.
- Salio siku ya makabidhiano, baada ya ukaguzi unaofanyika karakanani. Usichukue mali kwa makubaliano ya kulipa ikishauzwa. Huko ni kuwafanya watu wenye kipato kidogo wakukopeshe mtaji.
- Anayebadilisha mchoro baada ya kukata ngozi analipa ngozi na muda. Mara nyingi ni wewe.
- Oda ikifutwa, kazi iliyokwisha inalipwa yote na iliyo nusu inalipwa kwa saa zilizotumika.
- Kila fundi anasaini kupokea ujira wake. Fedha zikipita kwa mweka hazina, nakala ya orodha ije kwako.

Mchoro wa asili wa jamii ni mali yenye wenyewe. Ukitumia nakshi inayojulikana kuwa yao, omba ruhusa kwa jamii nzima, kwani fundi mmoja hawezi kuuza cha wote, na weka malipo ya matumizi kwa kila kipande. Sheria ya Meksiko ya kulinda urithi wa jamii zake za asili ilianza kutumika mwaka 2022. Huko visiwani Outer Hebrides, Scotland, sheria ya mwaka 1993 inaruhusu jina Harris Tweed kutumika tu kwa kitambaa cha sufu kilichofumwa kwa mkono majumbani mwa wenyeji wa visiwa hivyo, na kutiwa rangi, kusokotwa na kumaliziwa huko huko. Jina lilipolindwa, thamani ilibaki visiwani.

Hatua ya 6: Kagua mara tatu, karakanani

Kagua baada ya kukata, kagua robo ya oda inapokamilika, kagua mwisho. Ukaguzi wa pili ndio wa faida kubwa: kosa likionekana kwenye mkoba wa 15 linarekebishika, likionekana kwenye wa 60 limeshakula ngozi yote.

Panga madaraja mapema. Daraja A ni kama sampuli. Daraja B lina tofauti isiyoathiri matumizi, mfano kivuli cha rangi au kovu la mnyama kwenye ngozi. Lilipwe ujira kamili na wewe uliuze kwa punguzo, kwa kuwa alama hiyo hakuiweka fundi. Daraja C lina kosa la kazi. Fundi apewe muda wa kurekebisha. Kasoro za daraja C zikizidi asilimia 5, chunguza kwanza kifaa, mwanga na malighafi. Chumba chenye giza jioni hutoa mishono mibovu kwa fundi bora.

Kabla ya kununua ngozi na vyuma, omba vyeti. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mg 3 za kromiamu VI (kemikali yenye madhara inayoweza kuwamo kwenye ngozi iliyochakatwa) kwa kilo ya ngozi inayogusa mwili, tangu Mei 2015. Ngozi ya chatu, mamba au mijusi fulani inahitaji vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini), na mzigo usio na kibali hukamatwa forodhani wote.

Hatua ya 7: Kufunga, lebo na yanayofuata

Mikoba ipumzike siku mbili mahali pakavu penye hewa kabla ya kufungwa, gundi imalize kutoa harufu. Tumia mfuko wa pamba, si nailoni iliyobanwa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 ndani ya nailoni, ukungu huota kwenye ngozi na nyuzi za mimea hata kabla meli haijafika. Jaza mkoba karatasi isiyo na asidi ili usibonyee.

Kwenye lebo andika vitu vinavyoweza kuhakikiwa: jina la kikundi, saa za kazi, ujira kama sehemu ya bei, mahali ngozi ilipochakatwa. Jina au picha ya fundi viwekwe kwa idhini yake ya maandishi, na awe na haki ya kuviondoa. Simulizi za umaskini wake acha kabisa. Mnunuzi ananunua mshono mzuri na alipe kwa sababu ni mzuri. Huruma huuza mkoba mmoja, na mtu hanunui wa pili kwa huruma.

Oda moja haijengi maisha ya mtu. Toa makadirio ya oda za miezi 12 ijayo, hata kama namba ni ndogo, kwa sababu oda ya mikoba 15 kila mwezi inalisha familia kuliko ya 180 inayokuja mara moja na kupotea. Kikundi kisikutegemee wewe kwa zaidi ya nusu ya mauzo yake; kikifika hapo, kisaidie kupata mteja mwingine, hata kama ni mshindani wako. Ukiamua kusitisha, toa taarifa miezi sita kabla na ulipe nyuzi na ngozi zilizokwisha kununuliwa kwa ajili yako.

Mwisho, katika kila oda ongeza asilimia 3 ya ngozi, uzi wa rangi ile ile, zipu na bizimu, vibaki karakanani kwa matengenezo. Mkoba wa kifahari utarudi baada ya miaka mitano ukiwa na kishikio kilichochoka. Ukarabati huo ulipwe kwa ujira wa saa ule ule, na gharama yake iwe imeshaingizwa kwenye akiba tangu siku ya kwanza.